Mama anapenda maua, mimi ndege: twende Mkomazi Disemba?

Swali: "Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Wete. Skuli zikifungwa Disemba nataka kumpeleka mama yangu bara, itakuwa mara yake ya kwanza. Yeye ni mtu wa maua, kwetu hakuna kopo tupu lisilopandwa kitu. Mimi napenda ndege tangu utoto. Nimesikia kuna hifadhi kavu upande wa Same yenye maua ya porini na ndege wengi. Lakini mwenzangu mmoja alikwenda Agosti, akarudi anasema hakuona ila miba na vumbi. Mwengine ananiambia hifadhi ya maua ni Kitulo, si hiyo. Nani mkweli? Na nchi isiyo na mvua inapataje maua?"

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Wenzako wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja ameshika upande wake. Kitulo ni hifadhi ya maua kwelikweli. Iko Nyanda za Juu Kusini, kwenye uwanda wa mita kama 2,600 juu ya usawa wa bahari, ilitangazwa mwaka 2005, na watu wanaiita Bustani ya Mungu. Lakini Kitulo ni baridi, ukungu na matope, na maua yake yanashamiri kwa kuwa maji ni mengi. Kwa mtu anayetoka Wete na mama mtu mzima ni safari ya siku nyingi na makoti mazito. Iwekeni mwaka mwengine. Mkomazi ni habari nyengine kabisa. Huko maji ni machache, na uchache huo ndio unaopanga lini kitu kichanue. Ukishaelewa hilo utajua kwa nini mwenzako wa Agosti alirudi na vumbi, na kwa nini hata yeye kuna maua aliyapita bila kuyaona.

Mkomazi iko kaskazini-mashariki, kwenye mikoa ya Kilimanjaro na Tanga, imepakana na hifadhi ya Tsavo ya Kenya. Ilikuwa pori la akiba tangu 1951, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Ukubwa wake unapita kilomita za mraba 3,200, maana yake ukizichukua Unguja na Pemba ukaziweka ndani, nafasi inabaki. Wapare wanasimulia kwamba jina limetokana na maneno yao mawili: mko, kijiko kidogo cha mti, na mazi, maji. Yaani maji yasiyojaza hata kijiko. Nyinyi Pemba mnapata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo jina hilo peke yake linatosha kutufunza jambo.

Ukavu wenyewe unatokana na upepo tunaoujua. Kusi likivuma linachukua unyevu wa bahari na kuupeleka bara. Njiani linakutana na milima ya Usambara na Upare. Hewa inapanda mlimani, inapoa, mvua inashuka hapo hapo, ndiyo maana Usambara ina misitu na mashamba ya chai. Inapovuka kwenda upande wa pili imeshakamuliwa. Mkomazi imekaa nyuma ya milima hiyo kama mtu aliyekaa nyuma ya ukuta: anasikia karamu ya jirani, chakula hakimfikii. Mvua inayofika inakuja kwa misimu miwili kama kwetu, masika na vuli, lakini haina ahadi. Bonde hili linanyeshewa, la pili linaruka. Mwaka huu vuli nzuri, mwaka ujao hakuna.

Sasa mimea ya nchi kama hiyo imejifunza kuishi kwa njia mbalimbali, na hapa ndipo mama yako atakapofurahi kama akitayarishwa kabla.

Wapo wanaoweka akiba. Waridi la jangwani, lile ambalo siku hizi linauzwa kwenye vyungu mjini na kila bibi analitaka barazani, huko ndiko kwao. Shina lake limevimba kama mtungi, maji yamo ndani. Nalo halisubiri mvua: linatoa maua yake ya waridi wakati wa kiangazi, halina jani hata moja, katikati ya vichaka vya rangi ya majivu. Mwenzako wa Agosti huenda alipita mbele ya kadhaa. Gari likienda mbio huoni, kwa sababu mti wenyewe mara nyingi hauzidi kimo cha mtu na umesimama peke yake kwenye mawe.

Wapo wanaojifanya wamekufa. Sehemu kubwa ya nyika hiyo ni migunga na miti ya jamii ya manemane. Manemane ileile ya dukani, utomvu wake. Karibu mwaka mzima miti hii haina majani na mgeni anaiona kama kuni. Isogelee mmoja uangalie gome: linabambuka lenyewe, jembamba kama karatasi ya sigara, na chini yake ngozi ya mti ni kijani kibichi. Majani hayapo, lakini shina lenyewe linafanya kazi ya jani, linapokea jua na kutengeneza chakula. Nilipooneshwa hilo mara ya kwanza nilisimama pale muda mrefu nikiushika ule ukijani kwa kidole. Tangu siku hiyo siwezi kusema "mti mkavu" kabla sijautazama karibu.

Wapo wanaotangulia. Kikwata, mgunga wenye miba ya kulabu inayoshika nguo, unachanua mwishoni mwa kiangazi, kabla ya tone la kwanza. Kichaka kizima kinageuka cheupe, nyuki wanavuma, na chozi wanazunguka. Kwa hiyo usishangae ukiambiwa kwamba mwezi mkavu kabisa wa nyika ndio mwezi wa asali.

Na wapo wanaosubiri, nao ndio wengi na ndio mnaowafuata nyinyi. Hawa wanaishi mwaka mzima wakiwa mbegu ndani ya udongo mwekundu. Mbegu zao nyingi zina kinga isiyotoka kwa manyunyu. Manyunyu yangeziotesha halafu jua likaziua. Inahitajika mvua ya kweli, iliyozama ardhini, ndipo kinga ioshwe na mbegu ikubali. Mvua hiyo ikishanyesha, mambo yanakwenda kwa mpangilio. Ndani ya siku moja mbili kumbikumbi wanatoka vichuguuni kwa maelfu, na ndege wote, hata tai wakubwa wenye hadhi zao, wanatembea chini kuokota. Wiki ya kwanza nyasi. Wiki ya pili mpaka ya nne ndipo maua: ya njano chini ya migunga, ya zambarau kando ya njia, na kwenye udongo mweusi unaoshika maji, maua meupe yaliyolala chini bapa, ukiyaona kwa mbali utadhani kuna mtu amemwaga vipande vya karatasi. Juu yao, ndugu wa mkrismasi wetu, mwenye maua meupe yanayogeuka njano badala ya mekundu. Halafu nyasi zinatoa mbegu, na hapo mnana wanaanza kusuka viota na fumbwe dume wanavaa mikia mirefu. Baada ya hapo nchi inafunga tena.

Kwa hiyo jibu la swali lako, Mwalimu, si mwezi. Ni kuhesabu kutoka siku ya mvua. Wiki mbili hadi nne baada ya mvua kubwa, uwe ndani ya hifadhi.

Nikupe mfano wa jinsi muda ulivyo mfupi. Asubuhi moja nilimwomba dereva azime gari mbele ya mmea mmoja wa kutambaa, wa jamii ya kiazi kitamu. Ukijua ua la kiazi kitamu shambani kwenu umelijua hilo, ila kubwa zaidi. Ilikuwa kama saa 12 na nusu. Machipukizi yamejisokota kama mwavuli uliofungwa. Jua lilipotoka moja likajizungusha polepole, likafunguka, jeupe na koo la zambarau. Nyuki wadogo wakaingia mpaka ndani wakatoka wamejaa unga. Saa 3 lilikuwa bado zima. Saa 5 kingo zake zilikuwa zimeshaanza kujikunja kwa ndani, na mchana likawa kitambaa kilicholowa. Ua zima, maisha yake yote, saa tano. Magari mawili ya wageni yalipita hapo saa 6 mchana na nina hakika waliokuwamo walisema hapana kitu.

Ndege je? Aina zinapita 400, nami sitaziorodhesha. Nitakutajia wachache ambao kwenu hamnao na wanaostahili safari. Wa kwanza ni kanga tumbusi. Sisi tunamjua kanga wa madoa, yule ambaye wazee wanasema nguo ya kanga ilipata jina kwake. Huyu wa Mkomazi amevaa zaidi: kifua buluu ya kung'aa, shingoni manyoya marefu yenye mistari meupe yaliyoning'inia kama shada, jicho jekundu, na kichwa kitupu kama cha tumbusi, ndiyo sababu ya jina. Wanatembea kwa makundi asubuhi njiani na hawana haraka. Mtayarishe mama, maana akimwona atataka kujua nani aliyechora doti ile.

Wa pili ni kwezi wa kifua cha dhahabu. Mgongo kijani na buluu, tumbo njano kali, mkia mrefu. Sijaona picha iliyomtendea haki.

Wa tatu ni hondohondo, na hapa nakuomba usimpite, kwani ana tabia ya kutazamwa. Yuko mmoja ambaye dume ana mdomo mwekundu wenye ncha nyeupe na wa jike ni mweusi mtupu. Wazungu wamempa jina la von der Decken, Mjerumani aliyeanzia Unguja safari zake za kwenda Kilimanjaro miaka ya 1860. Asubuhi hondohondo hawa hutua karibu na kichuguu ambamo nguchiro wadogo wamelala, wakasubiri. Nguchiro wakitoka, wanaondoka pamoja. Nguchiro wanapekua majani, panzi wanaruka, hondohondo wanadaka. Na kipanga akitokea, ndege ndiye anayepiga kelele ya kwanza. Ukikuta hondohondo wawili watatu wamekaa kimya karibu na kichuguu saa 1 asubuhi, zima gari. Usiondoke.

Disemba ina jambo lake jengine. Ni msimu wa ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia. Yuko kozi mmoja mdogo, kozi wa Amur, uzito wake kama gramu 150, anayezaliana Siberia ya mashariki na kaskazini ya China. Kila mwaka anavuka Bahari ya Hindi kwa kaskazi, ule ule upepo uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi kuja kutia nanga Malindi, na anapita Afrika Mashariki Novemba na Disemba akielekea kusini. Nyika ikiwa imenyeshewa na kumbikumbi wametoka, makundi hushuka kula. Upande wa pili wa mpaka, Ngulia ndani ya Tsavo Magharibi, tangu 1969 watu hukusanyika miezi hiyo usiku wa ukungu kuwavisha pete ndege wahamaji na kuwaachia. Kwa mwana wa Pemba, kumwona kiumbe mdogo aliyekuja na kaskazi ni kama kupokea mgeni wa bandarini.

Basi kwa safari yenu: mwisho wa Disemba ni wakati mzuri, kwa sharti vuli iwe imeshuka. Na namna ya kujua nitakwambia, kwa sababu watu wengi wanakosea hapa. Usipige simu ofisi ya hifadhi ukauliza "maua yapo?" Mtu muungwana atakujibu yapo, karibuni sana. Uliza maswali mawili: mvua kubwa ya mwisho ilinyesha lini upande wa Zange, penye lango la hifadhi, na bwawa la Dindira lina maji? Ukiambiwa ilinyesha wiki iliyopita na bwawa linajaa, subiri wiki moja mbili kisha nenda. Ukiambiwa vuli haijaonekana, usivunjike moyo lakini badilisha nia: nenda kwa ajili ya ndege na waridi la jangwani, kaa karibu na maji, na mweleze mama mapema kwamba zulia la maua halipo.

Njia. Siku ambazo kuna boti ya Pemba kwenda Tanga, hiyo ndiyo yenu. Safari zake si za kila siku, kwa hiyo ulizia kwanza ndipo upange mengine. Kutoka Tanga ni basi kupitia Muheza, Segera, Korogwe, Mombo mpaka Same. Mketishe mama dirisha la kulia baada ya Korogwe, milima ya Usambara itamfuata upande huo, na ataona kwa macho yake katani na migomba ikipungua, mibuyu na miba ikizidi. Mkipitia Unguja na Dar es Salaam inawezekana pia, ila mnazunguka. Tahadhari moja: njiani kuna mji mdogo unaoitwa Mkomazi. Msishuke hapo. Lango la kuingilia ni Zange, kilomita chache tu kutoka mji wa Same, na Same ndiko kwenye nyumba za kulala, misikiti na chakula. Kodini gari hapo hapo, gari la juu, Land Cruiser au mfano wake, na dereva anayeijua hifadhi. Mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Kitambulisho cha taifa kiwe mfukoni, raia analipa kwa shilingi na kwa kiwango chake, na muulize mapema namna ya kulipa kwa mtandao ili asubuhi isiishie getini.

Asubuhi ndiyo kila kitu. Salini alfajiri, chukueni chai kwenye chupa, na lango likifunguliwa saa 12 muwe mbele yake. Nendeni moja kwa moja Dindira. Kukiwa hakuna mawingu Kilimanjaro inaonekana mapema kabla joto halijapanda. Halafu kaeni. Hili nasisitiza kuliko yote: msizunguke hifadhi nzima. Kilomita 10 kwa saa nne zitakupa zaidi ya kilomita 80. Faru weusi wapo, kwenye eneo lililozungushiwa uzio, na swala twiga mwenye shingo ndefu akisimama kwa miguu miwili kula majani ni wa kupendeza. Mkikutana naye tazameni, lakini msiikimbize siku kwa ajili ya wanyama wakubwa mkayakanyaga mliyoyafuata. Kushuka na kutembea kwa miguu ni kwa ruhusa na pamoja na askari wa hifadhi tu.

Darubini ikiwa utanunua au kuazima, tafuta iliyoandikwa 8×42. Nane ni mara inavyokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Zenye kukuza zaidi zinatetemeka mkononi na ndege humpati.

Nguo ziwe za rangi ya udongo au kijani iliyofifia. Unguja tulitangazwa tumeondokana na mbung'o tangu 1997 na huko Pemba hamumjui, lakini nyika za bara anaishi, na anavutwa na buluu na nyeusi. Kwa hiyo buibui jeusi la mama, kama ataridhia, alibadilishe kwa la rangi nyengine siku hiyo. Malaria pia kwetu imeshuka sana na miili yetu imesahau. Laleni ndani ya neti Same, na mkirudi, mtu akipata homa akapime mara moja na aseme alikuwa bara.

Jambo jengine, dogo kwa maneno lakini sipendi lipitwe. Mkomazi haikuwa nchi tupu. Wafugaji, Wapare na Wamasai, walikuwa wakichunga ndani mpaka walipoondolewa mwaka 1988, na familia zao bado ziko vijiji vya pembeni. Ukimpata mzee wa namna hiyo Same, mkae naye jioni. Atakutajia mti upi unachanua mvua ikikaribia na upi wakati imeshakata, kwa majina ambayo huyapati kwenye kitabu, na mama yako ataelewana naye haraka kuliko mimi na wewe.

Mama atataka kuchuma ua moja, au kuchukua mbegu kidogo tu kwenye ncha ya kanga. Namjua bila kumwona. Mwambie hapana, kwa heshima, kabla hamjaingia getini na si mkiwa ndani. Sheria ya hifadhi hairuhusu jani wala jiwe, na mbegu ile moja huenda imeshasubiri miaka chini ya udongo. Waridi la jangwani mnunulieni kwa wauza miche. Mpandieni kwenye chungu chenye mchanga mwingi na tundu chini, wekeni juani, na mvua za Pemba zikianza kiingizeni chini ya paa, maana kinachouua mti huo ni maji mengi. Utomvu wake ni sumu, huko bara watu waliupaka mishale, kwa hiyo wajukuu wasiuchezee na mikono ioshwe baada ya kukata. Usiumwagilie mpaka mchanga ukauke kabisa.